Pedi Nzito au TV Nzito? Namna ya Kuchagua Runinga ya Gemu

Mwaka 1984 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa gemu iitwayo Duck Hunt kwa mashine yake ya gemu. Mchezaji hushika bastola ya plastiki, huwalenga bata wanaoruka kwenye TV, na akiwa na shabaha nzuri bata huanguka. Leo mtu akiitoa mashine ileile stoo na kuiunganisha na TV mpya ya inchi 55, atafyatua mpaka kidole kichoke na hakuna bata atakayeanguka.

Bastola ni nzima, na mashine nayo ni nzima. Kilichobadilika ni TV. Mchezaji anapofyatua, kioo huwa cheusi kufumba na kufumbua, kisha mraba mweupe hutokea mahali alipo bata. Kifaa kidogo cha kuhisi mwanga ndani ya mtutu kikiuona mraba huo kwa wakati uliopangwa, mashine huhesabu shabaha. TV za chogo zilichora picha palepale mawimbi yalipoingia, kwa hiyo hesabu ilikubali. TV bapa hupokea picha, huishikilia kidogo, huipamba, ndipo huionyesha. Mraba unapojitokeza, mashine imeshaamua kwamba mchezaji amekosa. Tena kifaa hicho kilitengenezwa kutambua mmweko wa kioo cha chogo, mmweko ambao vioo vya leo havina.

Kuchelewa huko ndiko jambo la kwanza ambalo mnunuzi wa TV ya gemu anapaswa kulijua, na ndilo jambo lisiloandikwa kwenye boksi. Boksi litataja inchi, 4K, HDR, pengine na spika zenye mngurumo. Muda ambao TV inachukua kuonyesha matokeo ya kidole cha mchezaji halitautaja.

Kutoka kwenye kidole hadi kwenye kioo

Muda huo hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde. Mchezaji akibonyeza pedi ili kipa aruke, amri inakwenda kwenye mashine, mashine inachora picha mpya, kebo inaipeleka kwenye TV, na TV ndiyo inayoamua picha ionekane lini. TV nyingi zikiachwa kwenye mipangilio ya filamu hutumia milisekunde 50 hadi zaidi ya 100 kulainisha mijongeo, kuondoa chenga na kukoleza rangi. Mtazamaji wa tamthilia hapotezi chochote kwa kusubiri huko. Mchezaji gemu anapoteza mechi.

Gemu za mpira kwenye mashine za sasa huonyesha picha 60 kila sekunde, na kwa mwendo huo milisekunde 100 ni picha sita nzima. Mpira unaokwenda kilomita 90 kwa saa husogea mita mbili na nusu katika muda huo. Kipa anarushwa kuufuata mpira mahali ulipokuwa, wakati wenyewe umeshapita. Ndipo husikika lawama kwamba pedi ni nzito, na pedi isiyo na kosa hutupwa ikanunuliwa nyingine.

Tiba ya kwanza haina gharama. Karibu kila TV ya miaka ya karibuni ina mpangilio wa gemu, ambao kwenye menyu ya picha huandikwa Game Mode au jina linalofanana na hilo. Ukiwashwa, TV huacha mapambo mengi, na kuchelewa hushuka hadi kati ya milisekunde 10 na 20 kwenye TV nyingi nzuri. PS5 na Xbox Series X zinaweza kuiambia TV mpya ijibadilishe yenyewe. Mwenye PS4 huuchagua kwa rimoti, na inafaa ahakikishe ameuwasha kwenye tundu lilelile la HDMI analochomekea mashine, kwa sababu TV nyingi hukumbuka mpangilio wa kila tundu peke yake.

Wapo wachezaji ambao hata kuchelewa huko kudogo hawakukubali. Washindani wa Super Smash Bros. Melee, gemu ya Nintendo ya mwaka 2001, wameendelea kubeba TV za chogo kwenye mashindano Marekani, wakati majirani zao walishazitupa zamani.

LED, QLED, OLED

Herufi hizi huwachanganya wanunuzi wengi, ingawa aina kuu za kioo zilizobaki sokoni ni mbili tu. Plasma, iliyopendwa kwa kuonyesha mijongeo vizuri, iliachwa na watengenezaji wakubwa kati ya mwaka 2013 na 2014.

Aina ya kwanza ni LCD, teknolojia ambayo George Heilmeier na wenzake wa kampuni ya RCA ya Marekani waliitangaza mwaka 1968. Nyuma ya kioo kuna taa inayowaka muda wote, na mbele yake tabaka la fuwele za kimiminika hufunguka na kujifunga mithili ya vibao vya dirisha, likiruhusu mwanga upite au likiuzuia. TV inayouzwa kama "LED" ni LCD ambayo taa yake ya nyuma ni ya LED, basi. "QLED", jina ambalo Samsung ililianza mwaka 2017, nayo ni LCD. Imeongezewa vitone vidogo mno vinavyotoa rangi safi zaidi vikipigwa na mwanga. Sayansi ya vitone hivyo iliwapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. "Mini-LED" pia ni LCD, ila taa za nyuma ni ndogo na ni nyingi sana, zimegawanywa katika kanda, na kila kanda huweza kufifishwa peke yake. TCL ya China ilianza kuuza TV za namna hiyo mwaka 2019.

Aina ya pili ni OLED. Hapa hakuna taa ya nyuma. Kila pikseli hujiwakia na kujizimia yenyewe. Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak walichapisha kazi yao ya msingi mwaka 1987. Miaka 20 baadaye Sony ilileta XEL-1, TV ya kwanza ya OLED kuuzwa madukani, yenye inchi 11 tu, na mwaka 2013 LG ikaanza kuuza za inchi 55.

Kwa mchezaji, tofauti ya kwanza iko gizani. Pikseli ya OLED ikizimwa ni nyeusi kabisa, kwa hiyo adui aliyejificha kwenye kona ya handaki anaonekana kwa umbo lake. LCD ya kawaida huvujisha mwanga, na weusi wake ni kijivu. Mini-LED hupunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, ingawa kitu cheupe kwenye mandhari nyeusi huweza kuzungukwa na ukungu wa mwanga kwa sababu kanda moja ya taa huhudumia pikseli nyingi.

Tofauti ya pili ni mwendo. Pikseli ya OLED hubadili rangi chini ya milisekunde moja. Fuwele za LCD huhitaji milisekunde kadhaa, na kwenye baadhi ya vioo kutoka rangi nyeusi kwenda kijivu huchukua muda mrefu zaidi, hivyo mchezaji anayekimbia huacha mkia wa kivuli nyuma yake. Vioo vinavyoitwa VA vina weusi mzuri lakini huacha mkia huo kwa urahisi, na rangi hupauka ukivitazama kwa ubavu. Vile vya IPS huonekana vizuri kutoka pembeni ila weusi wake ni hafifu. Wanaocheza wawili au watatu kwenye kochi moja, ili wa pembeni asipewe picha iliyopauka, wana sababu ya kupendelea IPS au OLED.

Namba ya Hz na mlango wa HDMI

Hz hueleza TV inaweza kubadili picha mara ngapi kwa sekunde. TV ya Hz 60 hubadili kila baada ya milisekunde 16.7, ya Hz 120 kila baada ya 8.3. Namba kubwa zaidi zinazoandikwa kwenye mabango, pamoja na maneno kama Motion Rate, mara nyingi ni hesabu za kibiashara. Kinachotafutwa kwenye karatasi ya vipimo ni Hz halisi za kioo.

Je, kila mchezaji anahitaji 120? PS4 haivuki picha 60 kwa sekunde, wala Nintendo Switch ya mwaka 2017. PS5 na Xbox Series X, zilizotoka Novemba 2020, zinaweza kufika 120, lakini gemu yenyewe lazima iwe imetengenezwa hivyo. Fortnite ina chaguo la picha 120. EA Sports FC kwenye mashine hizo huchezwa kwa 60. Anayecheza mpira pekee na kununua TV ya Hz 120 kwa sababu hiyo tu analipia uwezo utakaokaa bure.

Anayeuhitaji aangalie matundu. HDMI 2.0 hupitisha gigabiti 18 kwa sekunde, na picha ya 4K kwa Hz 120 haipiti humo kwa ubora wake kamili. HDMI 2.1, iliyotangazwa mwaka 2017, hupitisha hadi gigabiti 48. Kasoro ni kwamba TV nyingi zenye matundu manne ya HDMI zina mawili tu yenye uwezo huo, na mara nyingi moja kati ya hayo mawili ndilo linalotakiwa pia kwa spika ya nje. Kebo inayokuja ndani ya boksi la PS5 inatosha kwa kazi hiyo. Ya zamani iliyokuwa kwenye king'amuzi huenda isitoshe.

Pamoja na hayo kuna VRR, uwezo wa TV kufuata mwendo wa mashine badala ya kuilazimisha ifuate wake. Mashine ikizidiwa na kushuka kutoka picha 60 hadi 52, TV isiyo na VRR huonyesha picha iliyokatika, nusu ya juu haijaungana na ya chini, au mwendo unaokwamakwama. PS5 ilipata uwezo huo Aprili 2022.

Chumba nacho kina usemi

Ukubwa wa TV na 4K huenda na umbali. Kwa kioo cha inchi 55, mtu mwenye macho mazuri akikaa zaidi ya mita mbili na robo hivi ataona kwa shida tofauti kati ya 4K na 1080p. TV nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa 768, pungufu hata ya 1080p, ingawa boksi huandika HD kwa herufi kubwa. Kwa PS4 kwenye chumba kidogo, inchi 32 au 40 yenye 1080p kamili huonyesha kila pikseli inayotoka kwenye mashine.

Sebule yenye madirisha makubwa, inayochezewa mchana, inataka mwanga mwingi. Hapo Mini-LED ina nguvu: nyingi za daraja la juu huvuka niti 1,000 (niti ni kipimo cha mng'ao wa kioo). OLED hutamba zaidi pazia likiwa limefungwa.

OLED pia ina udhaifu wake. Pikseli huchakaa kwa kutumika, na kitu kisichosogea, kama ubao wa magoli kwenye kona ya juu, kikikaa hapohapo kwa maelfu ya saa huweza kuacha alama ya kudumu. Nyumbani, kwa anayecheza gemu tofauti, hatari si kubwa. Kwa mwenye kibanda cha gemu ambako mechi ya mpira iko hewani kuanzia asubuhi hadi usiku, LCD ndiyo chaguo la biashara.

TV za OLED hujirekebisha zenyewe kupunguza alama hizo, lakini hufanya kazi hiyo baada ya kuzimwa kwa rimoti, zikiwa bado zinapata umeme. Familia nyingi za Afrika Mashariki huzima TV ukutani kila usiku kwa kuogopa umeme kurudi kwa kishindo. Tahadhari ni ya busara, ila OLED inayozimwa hivyo kila siku hainyimwi umeme tu, inanyimwa pia matengenezo yake. Mwenye nayo aizime kwa rimoti, aipe muda, na ailinde kwa kifaa cha kudhibiti umeme.

Siku ya kwenda dukani

Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, TV huwa zimewashwa zikionyesha maua na samaki wa rangi, mwanga umepandishwa hadi mwisho kwa mpangilio maalumu wa dukani. Picha hiyo haisemi lolote kuhusu gemu. Mnunuzi amwombe muuzaji autoe mpangilio huo, afungue menyu aone kama mpangilio wa gemu upo, kisha asimame ubavuni mwa kioo kutazama rangi zinavyobadilika. Nyuma ya TV asome maandishi yaliyo kando ya kila tundu la HDMI. Lenye uwezo wa 120 mara nyingi huandikwa hivyo. Maduka mengine hukubali mteja aje na mashine yake, na dakika kumi za kucheza hufichua mengi ambayo boksi limeficha.

Kalenda nayo husaidia mfuko. Watengenezaji wengi hutangaza TV mpya kila Januari kwenye maonyesho ya CES jijini Las Vegas, na zinapoanza kuingia madukani, za mwaka uliotangulia hushuka bei. HDMI 2.2 ilitangazwa hapo Januari 2025, lakini PS5 na Xbox Series X hazina tundu lake. Mwenye mojawapo ya mashine hizo akichukua TV ya mwaka uliopita yenye HDMI 2.1, Hz 120 na VRR, mashine yake haikosi chochote.