Mshahara wa Mmoja, Macho ya Wengi

Mwisho wa mwezi simu ya mtu aliyeajiriwa haitulii. Mama anasalimia, anauliza wajukuu, kisha anataja dawa zake za presha. Mdogo mtu aliye chuoni anasema ada imebaki kidogo tu. Binamu ambaye hamjaonana tangu msiba wa babu anatuma kadi ya mchango wa harusi, na kiwango kimeshapangwa na kamati. Mjomba anamaliza kwa maneno ambayo kila Mtanzania anayajua: utume na ya kutolea. Mshahara unaisha kabla ya kodi ya nyumba, na hapo ndipo vijana wengi wanapojiuliza swali wanaloona haya kulitamka mbele ya wazee. Je, ili niishi vizuri, ni lazima niwe mbinafsi?

Wapo wanaojibu ndiyo bila kusita. Ayn Rand, mwandishi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alichapisha mwaka 1964 kitabu kizima cha kuutetea ubinafsi kuwa ni fadhila. Kwake, mtu hapaswi kujitoa kafara kwa ajili ya wengine, wala kuwatoa wengine kafara kwa ajili yake. Hiyo sehemu ya pili husahaulika. Siku hizi mafundisho ya namna hiyo yanatufikia kupitia wahamasishaji wa mitandaoni wanaowaambia vijana wakate ndugu wote wanaowarudisha nyuma, wabaki na watu wenye malengo. Nayaona mafundisho hayo ni ya hatari, na nitaeleza kwa nini. Lakini nawaelewa wanaoyashika, kwa sababu mara nyingi ni watu waliochoka kweli.

Kwanza, si kweli kwamba kutoa kunaharibu maisha ya mtoaji. Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton. Nchini Kanada, watu walipewa asubuhi bahasha yenye dola 5 au 20, wengine wakaambiwa wajinunulie kitu, wengine wazitumie kwa ajili ya mtu mwingine, yote kabla ya saa kumi na moja jioni. Jioni ile waliotumia kwa ajili ya mwenzao walikuwa na furaha zaidi, na kiasi cha fedha hakikuleta tofauti. Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya Kanada, kwa walioshiba. Watafiti haohao baadaye waliwauliza watu wa Kanada na wa Uganda wakumbuke siku waliyotumia fedha kwa ajili yao wenyewe au kwa ajili ya mwingine. Mganda na Mkanada walifanana: kumbukumbu ya kumfaa mtu ndiyo iliyowafurahisha zaidi.

Pili, kwetu kutoa si anasa ya moyo tu. Ndiyo bima yetu. Baada ya M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, kuanza Kenya mwezi Machi 2007, wachumi William Jack na Tavneet Suri walizifuatilia kaya zilizojiunga na zile zisizojiunga. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2014, kaya zisizo na huduma hiyo zilipopatwa na pigo, kama ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yao yalishuka kwa asilimia 7 hivi. Kaya zenye M-Pesa hazikutetereka, na sababu kubwa ilikuwa kwamba ndugu na marafiki waliwatumia fedha kwa haraka. Yule mjomba anayetaka na ya kutolea yumo ndani ya hesabu hiyo. Leo anapokea, lakini mwaka ule alipovuna vizuri, pengine ndiye aliyekulipia nauli ya kwenda sekondari. Anayewakata ndugu wote anajitoa kwenye mfuko ambao hajui atauhitaji lini.

Hata hivyo mfuko huo una ugonjwa wake. Watafiti Pamela Jakiela na Owen Ozier walifanya jaribio katika vijiji vya magharibi mwa Kenya, wakalichapisha mwaka 2016. Watu walipewa fedha wachague namna ya kuziwekeza. Wanawake, hasa pale ndugu zao walipokuwepo kushuhudia, walikuwa tayari kuchagua njia yenye faida ndogo ilimradi kiasi walichopewa kisijulikane. Nimeurudia utafiti huo mara nyingi kwa sababu unanihuzunisha. Mtu anakubali kupata kidogo ili apate pa kujificha. Hawa si wachoyo. Ni wanawake walewale wanaolisha nusu ya ukoo. Wamefundishwa na maisha kwamba hela inayoonekana si yako, na kwamba kusema hapana ni kosa kubwa kuliko kusema uongo.

Ndiyo maana tunazima simu. Ndiyo maana mtu aliyeongezewa mshahara anaendelea kulia shida, na aliyenunua kiwanja anakiandikisha kimyakimya. Siamini kwamba watu hawa wamekuwa wabinafsi. Wamekosa njia ya heshima ya kuweka mpaka.

Njia hiyo ipo, na wala si ya gharama. Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwagawia wanachama wa vyama vya upatu nchini Kenya kisanduku cha chuma chenye kufuli, cha kuwekea fedha za afya. Ufunguo alikaa nao mwanachama mwenyewe. Angeweza kukifungua saa yoyote. Akiba ya afya iliongezeka kwa asilimia 66, kama walivyoripoti mwaka 2013. Kufuli lile halikuwa na nguvu ya kumzuia mwenye ufunguo. Nguvu ilikuwa katika kuipa hela kazi inayotajika. Jirani akija kukopa, mtu hasemi sina, wala hasemi sikupi. Anasema ipo, ila ni ya dawa na ya chandarua cha watoto. Hilo ni jibu ambalo hata mwombaji mwenyewe anaweza kulibeba na kurudi nalo nyumbani bila kununa.

Aristotle aliligusa jambo hili katika kitabu cha tisa cha Maadili yake. Alitenganisha watu wa aina mbili wanaojipenda. Mmoja anajipenda kwa kujivutia fungu kubwa la mali, sifa na starehe, na huyo ndiye anayestahili lawama. Mwingine anajipenda kwa kutaka awe mtu mwema, na huyo, kwa kujipenda kwake, huwafaa rafiki zake na mji wake. Mtu anayelipa kodi ya nyumba yake kwanza, akalala usingizi, akaamka na nguvu za kazi, yuko karibu zaidi na huyu wa pili.

Na tuseme jambo ambalo halisemwi kwenye vikao vya ukoo: anayeomba naye anaweza kuwa mbinafsi. Kijana mwenye nguvu anayempigia dada yake kila mwezi, asimuulize hata mara moja kama watoto wamekula, anachukua fungu la mtu mwingine. Nyerere, aliyeujenga ujamaa wake juu ya maisha ya jamaa, alilijua hilo. Katika andiko lake la mwaka 1962 alikumbusha methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ili kuonyesha kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi na hakukuwa na nafasi ya kupe. Sisi tumeubakiza ukarimu wa siku mbili na kulisahau jembe.

Lakini ubinafsi unaonitia hofu zaidi hauko hata kwenye simu. Uko jikoni. Nyumba ngapi za mijini zinasifiwa kwa kuchangia, jina liko juu kwenye orodha ya harusi, rambirambi inatangazwa kwa kipaza sauti, na dada wa kazi anadai mshahara wa miezi miwili? Yeye anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Maisha mazuri ya baba na mama, kazi zao, masomo yao ya jioni, hata muda wao wa kwenda kwenye vikao vya harusi, yamesimama juu ya mgongo wake. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2011 mkataba namba 189 unaotambua kwamba kazi za nyumbani ni kazi, zenye haki ya mapumziko na ujira kama nyingine. Kumnyima binamu mchango wa ukumbi hakuumizi mtu. Kumcheleweshea binti huyu haki yake kunamuumiza yeye, na mama yake aliyeko kijijini, ambaye naye mwisho wa mwezi anasubiri muamala kwa ajili ya dawa na ada za wadogo wa binti huyo.

Ningependa kuona familia zinakaa wakati wa likizo ya Desemba, watu wakiwa wamekusanyika, na kusemezana kwa namba: nani anasomeshwa, kwa muda gani, nani anamtibu bibi, nani anapewa mtaji wa mara moja na kuonyeshwa shamba. Wenye mishahara wataje wanachoweza kutoa na wasichoweza. Na kabla hesabu hiyo haijaanza, dada wa kazi awe ameshalipwa.