Jua Linapogeuka: Maana ya Siku ya 21 Juni kwa Watu wa Kalimoni na Jirani Zao

Kila mwaka, ifikapo tarehe 21 Juni, maelfu ya watu hukusanyika usiku katika uwanda wa Salisbury, kusini mwa Uingereza, mahali penye mawe makubwa ya kale yaitwayo Stonehenge. Hukesha wakingoja jua lichomoze, na linapotokea hulishangilia kwa ngoma, nyimbo na vifijo. Habari na picha za mkutano huo siku hizi hufika mpaka vijijini kwetu, na mtu aweza kuuliza: Je, sisi wa Kalimoni, Juja, Ruiru na Thika hatuna siku kama hiyo? Je, haifai tupande mlima wa Kilimambogo, au tukutane chini ya mugumo, ili nasi tulipokee jua alfajiri hiyo?

Swali hili ni jema, nalo lastahili kujibiwa kwa maarifa. Mambo mawili yamo ndani yake: heshima ya mahali walipoomba wazee wetu, na wakati wa kutia mbegu ardhini. Mtu akikosea katika la kwanza, huwarithisha watoto wake uongo; akikosea katika la pili, hukosa chakula.

Jua hugeukaje?

Dunia hulizunguka jua kwa muda wa siku 365 na robo. Katika mwendo huo haikusimama wima, bali imeinama yapata nyuzi 23 na nusu. Kwa hiyo mwezi wa Juni upande wa kaskazini wa dunia hulielekea jua zaidi, na mwezi wa Desemba ni zamu ya upande wa kusini. Sisi tulio juu ya ardhi huona kana kwamba jua ndilo linalohama. Kila siku huchomoza mahali tofauti kidogo na pa jana, likisogea kuelekea kaskazini, hata ifikapo 21 Juni huonekana limesimama. Kisha huanza kurudi. Kadhalika hufanya upande wa kusini karibu na tarehe 21 Desemba. Hiyo ndiyo migeuko miwili ya jua.

Katika nchi za Ulaya jambo hili si dogo. Mjini London mchana wa Juni huzidi saa kumi na sita, na mchana wa Desemba haufiki saa nane. Mtu aliyepita miezi ya giza na baridi, asiweze kulima wala kulisha mifugo nje, ana sababu kubwa ya kuufurahia mwanga. Kanisa nalo lilipopanga sikukuu zake liliiweka ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni, na katika nchi nyingi za Ulaya watu huwasha mioto mikubwa usiku wa kuikaribisha.

Walakini Kalimoni haiko Ulaya. Iko yapata nyuzi moja tu kusini mwa Ikweta. Hapa tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote haifiki dakika kumi. Tena, kwa kuwa tuko upande wa kusini, mchana wetu mrefu ni ule wa Desemba. Basi mtu akiwaita jirani zake Kalimoni tarehe 21 Juni washangilie siku ndefu ya mwaka, atakuwa anawakusanya kuishangilia iliyo fupi.

Jaribio la fimbo

Msomaji hana haja ya kuamini maneno haya bila kuyaona. Na achukue fimbo iliyonyoka, aisimike mahali wazi, ikae wima kwa timazi kama afanyavyo mwashi, na kimo chake juu ya ardhi kiwe mita moja. Mwalimu aweza kuifanya kazi hii uwanjani mwa shule pamoja na wanafunzi wake. Kivuli kipimwe kinapokuwa kifupi kuliko nyakati zote za siku. Kwetu wakati huo ni karibu saa sita na nusu wala si saa sita kamili, kwa sababu saa za Afrika Mashariki zimewekwa kufuata jua la mbali zaidi mashariki, upande wa Somalia.

Tarehe 21 Juni kivuli kitalala upande wa kusini, urefu wake yapata sentimita 46. Tarehe 21 Desemba kitalala upande wa kaskazini, yapata sentimita 41. Lakini siku chache kabla ya tarehe 20 Machi, na tena siku chache baada ya tarehe 23 Septemba, kivuli karibu kitatoweka kabisa, kwa maana jua litakuwa limesimama juu ya utosi wa mpimaji. Siku hizo ndizo kubwa kwa mkulima wa Ikweta, kwa kuwa mvua hulifuata jua.

Jua, upepo na mvua

Mahali jua linapopiga kwa wima ardhi hupata joto, hewa hupanda, na pepo zenye unyevu huvutwa kuja kujaza nafasi yake. Hali hiyo hukawia kidogo nyuma ya jua lenyewe. Kwa sababu hiyo mvua ndefu huja kuanzia Machi hata Mei, baada ya jua kutupita likienda kaskazini, na mvua fupi huja Oktoba hata Desemba, baada ya kutupita likirudi kusini. Watu wa pwani wanalijua jambo hili kwa pepo zao: jua likiwa kaskazini huvuma kusi, na jua likiwa kusini huvuma kaskazi.

Wakikuyu wa zamani waliupanga mwaka wao kwa mambo haya haya. Msimu wa mvua ndefu waliuita wa njahi, na msimu wa mvua fupi waliuita wa mwere, yaani waliupa kila msimu jina la zao lake. Kati ya misimu hiyo kuna gathano, wakati wa baridi na mawingu. Tarehe 21 Juni huangukia ndani ya gathano. Jua li mbali nasi, mawingu hukaa siku nzima, na mkulima wa kahawa wa Ruiru au Thika huchungulia matunda yake akihofu ugonjwa wa chule buni, ambao hupenda ubaridi na unyevu. Katika kalenda ya shamba siku hiyo haina sababu ya kushangiliwa hapa kwetu.

Wazee waliomba wapi, na lini?

Hata hivyo mtu asidhani kwamba nchi hii haikuwa na mahali patakatifu. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake juu ya maisha ya Wakikuyu kilichotolewa mwaka 1938, aliandika kwamba milima minne ilihesabiwa kuwa makao ya Mungu. Mkuu wao ni Kirinyaga ulio kaskazini. Magharibi ni Nyandarua, kusini ni milima ya Ngong, na mashariki ni Kilimambogo, ambao jina lake la Kikuyu, Kea-Njahe, lilifasiriwa kuwa mlima wa mvua kubwa.

Mtu aliye Juja au Kalimoni huuona mlima huo upande wa mashariki. Akiamka mapema mwezi wa Machi na tena mwishoni mwa Septemba, ataona jua likichomoza karibu na upande huo. Mwezi wa Juni huchomoza mbali kushoto kwake, na Desemba kulia. Hatusemi kwamba wazee waliutumia mlima kama saa. Twasema tu kwamba jua linapochomoza upande wa mlima wa mvua, mvua yenyewe haiko mbali.

Ibada yenyewe ilifanyika chini ya mugumo, mti ambao ilikuwa mwiko kuukata. Wazee wa kiama waliokubaliwa na watu walipeleka kondoo wa rangi moja, asiye na kilema, wakaomba huku wameuelekea Kirinyaga. Hawakungoja tarehe ya jua. Walikwenda mvua ilipokataa kunyesha, wakati wa kupanda, wakati wa mavuno, na maradhi yalipoingia nchini. Ibada ilifuata haja ya watu. Mji wa Thika wenyewe una bustani iitwayo kwa jina la mti huo, penye kumbukumbu ya mugumo uliohusishwa na utabiri wa Mugo wa Kibiru. Husimuliwa kwamba alitabiri kuwa utawala wa wageni ungekoma mti huo ukianguka, nao ulianguka mwaka 1963, mwaka wa Uhuru.

Mifano miwili ya kutufunza

Huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, watu huadhimisha Mwaka Kogwa kila mwezi wa Julai. Huo ni mwaka wa jua, usiofuata mwezi mwandamo. Waswahili wa kale waliuhesabu kuwa siku 365, yaani miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Asili yake ni Nairuzi ya Uajemi, ambayo huko kwao huangukia Machi. Lakini hesabu ya Waswahili haikuongeza siku ya mwaka mrefu, hivyo sikukuu ilirudi nyuma siku moja kila miaka minne, hata ikauacha kabisa mwezi wake wa asili. Je, imepoteza maana? La. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, na kila nyumba hutaka kuwa na mgeni. Kazi ya siku hiyo ni kupatanisha watu, na kazi hiyo bado inatendeka.

Mfano wa pili ni wa tahadhari. Karibu na Kalokol, magharibi ya Ziwa Turkana, kuna nguzo 19 za mawe ziitwazo Namoratunga. Mwaka 1978 wataalamu wawili walitangaza kwamba zilipangwa kufuata nyota za kalenda ya Waborana. Habari hiyo ilienea duniani. Mwaka 1982 mtaalamu mwingine alizipima upya, akaonyesha kwamba mawe hayo yana sumaku ndani yake, yakaweza kuipotosha dira. Uchunguzi wa miaka ya baadaye umeonyesha kwamba nguzo za namna hiyo kando ya ziwa hilo zilisimamishwa na wafugaji wa kale penye makaburi yao, yapata miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Pale palikuwa mahali pa kuzika na kuwakumbuka wafu, na heshima hiyo ni kubwa ya kutosha bila kuongezewa nyota.

La kufanya

Basi anayetaka kuwakusanya watu wa Kalimoni penye mahali pa kale na asizuiwe, ila na ajue analoliadhimisha. Akitaka siku ya jua inayopatana na nchi hii, na achague ile ambayo kivuli hutoweka, mwezi wa Machi au Septemba, wakati jembe linapoandaliwa na mbegu zinapochaguliwa. Akitaka kufuata desturi ya wazee, na awaulize wazee wenyewe, wala asibuni ibada na kuiita ya kale. Akitaka kupanda Kilimambogo, na akumbuke kwamba mlima huo ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1967; huingiwa kwa kibali, na moto usiwashwe ovyo.

Zaidi ya hayo iko kazi isiyongoja tarehe yoyote. Nchi kati ya Ruiru na Thika yakatwa viwanja kila siku, na machimbo ya mawe yanapanuka. Mugumo ambao wazee hawakuthubutu kuugusa waweza kung'olewa kwa asubuhi moja na mtu asiyejua jina lake. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa yaruhusu mahali pa namna hiyo pahifadhiwe, na makaya ya Wamijikenda ya pwani yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008 kwa sababu wenyewe walisimama kuyatetea. Kijiji kinachojua miti yake mitakatifu iko wapi, kikaiandika na kumjulisha mwenye ardhi pamoja na ofisi za serikali, kimetenda jambo litakaloonekana na wajukuu. Jua litageuka kila mwaka hata tusipoliangalia. Mugumo ukishakatwa haurudi.