LAMI KUUKUU: NENO MOJA, VITU VIWILI

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza athari za kimazingira za kutumia tena lami kuukuu katika ujenzi wa barabara, na kuonyesha kwamba suala hili halimhusu mhandisi peke yake. Mwanaisimu naye ana sehemu yake. Mjini Bunia, ambako njia nyingi ni za udongo mwekundu na vumbi la kiangazi huwasumbua wakazi, lami ni mali adimu. Kipande kilichong'olewa barabarani si takataka.

2. Faida na mipaka

Tabaka la lami ni mchanganyiko wa kokoto na mchanga, takriban asilimia 95 kwa uzito, ulioshikanishwa na lami yenyewe, takriban asilimia 5. Lami hiyo hutokana na mafuta ghafi. Ile iletwayo Ituri kupitia bandari ya Mombasa husafiri kwa malori zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo kila tani ya tabaka kuukuu inayokwanguliwa, kupondwa na kuchanganywa upya hupunguza uchimbaji wa mawe, matumizi ya mafuta na safari za malori. Utaratibu huu ulienea baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973.

Hata hivyo, lami ikizeeka hukakamaa na kupasuka. Sharti ichanganywe na lami mpya. Aidha, kuichemsha kufikia nyuzi 150 au zaidi hula mafuta na kutoa moshi. Njia ya baridi, itumiayo lami iliyosambazwa majini kwa vitone vidogo, hupunguza hasara hiyo.

3. Neno na hatari yake

Watu wengi kwetu husema goudron; Kiswahili sanifu husema lami. Katika matumizi ya kila siku, kila moja ya maneno haya hubeba vitu viwili: kitokanacho na mafuta ghafi, na kitokanacho na makaa ya mawe. Hicho cha pili kilitumika sana katika barabara za Ulaya katika karne ya 20, nacho kimethibitishwa kuwa husababisha saratani. Uholanzi imekataza kukirudisha barabarani. Huchomwa katika matanuri maalumu. Kwa macho vyote ni vyeusi. Kipimo cha maabara ndicho kiamuacho. Hivyo, mkataba usemao tu kwamba "lami kuukuu itumike tena" haumlindi kibarua anayevuta moshi wake, wala kisima kilicho kando ya rundo la vifusi.

4. Hitimisho

Tunapendekeza istilahi mbili: lami ya mafuta na lami ya makaa. Ya kwanza yafaa kutumiwa tena. Ya pili itengwe. Wasomaji wenye istilahi bora zaidi wanaombwa wazilete zijadiliwe, ili mkataba wa barabara uandikwe kwa lugha ambayo kibarua mwenyewe anaielewa.