Nani Anayekula Umeme Nyumbani?

Katika nyumba nyingi za mjini ugomvi wa siku hizi hautoki tena katika pombe wala mahari, bali katika umeme. Zamani karatasi ya deni ilikuja mwisho wa mwezi. Sasa vipimo vya malipo ya mbele vimeingia mitaa mingi, na mwenye nyumba huona kwa macho yake uniti zikipungua kama unga katika debe. Ndipo kila mmoja huanza kumtazama mwenzake kwa jicho baya.

Nyumbani kwetu Bukavu, tunakopata umeme wa mto Ruzizi, mashtaka yalimwangukia kijana wetu mkubwa, kwa sababu alisoma vitabu hata saa sita za usiku. Uniti tulizonunua kwa mwezi mzima zilikwisha siku ya 17. Tulimkemea, tukamwondolea taa. Majuma matatu alisoma kwa mshumaa, asijibu neno, na mama yake akanyamaza pamoja naye. Kunyamaza kwa namna hiyo wanaume wenye ndoa wanakujua.

Basi rafiki yetu fundi alituazima kipimo kidogo cha nyumbani. Ni kama koleo linalobana waya mmoja utokao kwenye mita, bila kuukata, kwani umeme upitapo katika waya hueneza nguvu ya sumaku kuuzunguka, na koleo huisikia. (Ukibana nyaya mbili pamoja, nguvu ya kwenda na ile ya kurudi huondoana, nacho huonyesha sifuri.) Hesabu hutokea palepale katika kioo, kwa wati. Wati 1,000 zikitumika saa moja ndizo kilowati-saa moja, yaani ile uniti tunayoilipia.

Jioni ile tulizima vyote, tukawasha kimoja kimoja, watoto wakiandika. Taa ya kijana: wati 9. Akisoma saa nne kila usiku, zitampasa siku 28 ndipo amalize uniti moja. Simu ikichajiwa: wati 5 au 6, si kitu. Lakini resho iliruka hata wati 1,500, na maharagwe yaliyochemka juu yake saa tatu yalikula uniti nne na nusu, sawasawa na taa ya kijana kwa miezi minne!

Hata hivyo resho haikuwa mwizi mkubwa. Alfajiri, watu wote wakiwa usingizini, kioo kilionyesha wati 160, na baada ya nusu saa ni zilezile. Tulifuata mlio hata jikoni, tukamkuta: frigo la zamani, tulilolinunua sisi wenyewe sokoni huku tukijisifu kwa bei yake. Mpira wa mlango ulikuwa umepasuka, baridi ikitoka nje mchana na usiku, hata mtambo wake haukupata kupumzika. Karibu uniti nne kila siku.

Mpira mpya umetiwa. Maharagwe sasa hulowekwa usiku kucha, na chungu hufunikwa.

Asiye na kipimo kama hiki asihuzunike. Mita nyingi zina taa ndogo nyekundu ikonyezayo, na kando yake pameandikwa imp/kWh. Ikiwa hesabu iliyoandikwa ni 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde zilizo kati ya mikonyezo miwili, nawe utapata wati zinazotumika. Sekunde 36, wati 100. Mtoto wa shule aweza kuifanya kazi hiyo, tena kwa furaha.

Kijana tulimrudishia taa yake mbele ya mama yake, tukakiri kosa. Alijibu, «Ndiyo, baba», akarudi kitabuni. Kipande cha mshumaa kilichosalia mama yake amekiweka juu ya frigo, nasi twakiona kila tuendapo kuchota maji ya baridi.