Bei ya Vitabu vya Chuo ni Jambo la Chama

Ndugu wafanyakazi wa viwanda vya Jinja na Mbale, nanyi ndugu wa mashamba ya miwa, chai na kahawa,

Katika mikutano ya matawi tumezoea kuzungumza juu ya mshahara, nyumba, matibabu na saa za kazi. Leo tunaongeza jambo moja ambalo wengi wetu tunalibeba kimya kimya nyumbani: vitabu vya watoto wetu walioko vyuoni.

Si wachache kati yetu wenye mtoto, mdogo au mpwa chuoni. Jinja kuna shule ya wauguzi na wakunga na vyuo vya ufundi. Mbale kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988, kuna Chuo cha Ufundi cha Elgon, kuna chuo cha matabibu, na tangu mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Busitema kinafundisha udaktari papo hapo mjini. Tunajinyima, tunakopa, tunalipa karo. Kisha inakuja karatasi ya pili, nayo ni orodha ya vitabu.

Karo ina risiti na tarehe ya mwisho, kwa hiyo tunaihangaikia. Vitabu havina tarehe, kwa hiyo tunaviahirisha. Mtoto anaingia darasani na daftari tupu, anaandika anachoweza kukisikia, na usiku anasubiri mwenzake achoke kusoma ndipo aazime kitabu chake. Mwisho wa muhula wote wawili wanapewa mtihani mmoja. Na tukumbuke, ndugu: muuguzi aliyesoma nusu ya kitabu ndiye atakayetuchoma sindano siku tukilazwa, na fundi umeme aliyesoma nusu ndiye atakayefunga nyaya katika kiwanda chetu. Hasara hairudi kwa mtoto peke yake.

KWA NINI VITABU NI GHALI?

Wengine husema ni kodi. Tuseme kweli: ushuru wa forodha si mkosaji mkubwa. Mkataba wa Florence wa UNESCO, uliofanywa mwaka 1950 na ambao Uganda imo ndani yake, unazitaka nchi zisitoze vitabu ushuru. Na ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, unaviingiza vitabu bila ushuru wa forodha. Jambo hilo ni la kulilinda, lakini halitoshi.

Sababu ya kwanza ni kwamba vitabu vingi vya chuo vinaandikwa na kuchapwa ng'ambo, kwa bei inayopangwa kwa paundi na dola. Shilingi yetu ikishuka, kitabu kinapanda hata kama hakikuongezwa ukurasa mmoja. Sababu ya pili ni kwamba wanunuzi wa kitabu cha kazi maalumu ni wachache, na gharama ya kukitayarisha inagawanywa kwa hao wachache. Sababu ya tatu ni matoleo mapya. Kila baada ya miaka michache kitabu kile kile hutoka na jalada jipya na kurasa zilizohamishwa, na cha jana kinahesabiwa kuwa kimekufa.

Lakini sababu iliyo kubwa kuliko zote ni hii: anayechagua kitabu siye anayekilipia. Mwalimu huchagua, mwanafunzi huambiwa, mzazi hutoa fedha. Mwenye kuuza anajua kuwa anayechagua haumizwi na bei, na anayeumizwa hana sauti ya kuchagua.

NANI ALILIPA ZAMANI?

Mzigo huu haukuwa mgongoni mwetu siku zote. Makerere ya zamani, mwanafunzi aliyepelekwa na Serikali alipewa posho, na ndani yake ilikuwamo fedha ya vitabu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Serikali ilipokuwa ikibana matumizi, posho hizo zikaondolewa. Wanafunzi wakagoma, na Desemba 1990 polisi wakafyatua risasi, wakawaua wanafunzi wawili. Kuanzia mwaka 1992 Makerere ikafungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia.

Kulikuwa pia na msaada kutoka nje. Kuanzia mwaka 1960 Serikali ya Uingereza ilitoa fedha ili vitabu vya chuo vichapwe kwa bei nafuu kwa nchi kama zetu, chini ya jina la English Language Book Society. Waliosoma wakati ule wanavikumbuka. Mpango huo nao ulifungwa mwaka 1997.

Kwa hiyo katika muda usiofika miaka kumi, posho iliondoka, na vitabu vya bei nafuu vikaondoka. Mzigo ukashuka juu ya mshahara wa mzazi. Na mshahara wenyewe? Kima cha chini kilichoandikwa katika sheria mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipopitisha mswada mpya mwaka 2019, Rais hakuutia saini. Tuseme kitabu kimoja cha uuguzi kinauzwa shilingi 120,000. Kwa kima kile, hiyo ni kazi ya miezi 20 bila kula. Tunajua kuwa wengi wetu tunalipwa zaidi ya hapo, lakini kilichotupandisha hakikuwa sheria. Ni mapatano ya Chama na waajiri. Basi na vitabu tuvitafute kwa njia hiyo hiyo.

WENZETU WALIFANYA NINI?

Mwaka 2012 huko India, wachapishaji wakubwa, wakiwamo Oxford University Press na Cambridge University Press, walilishtaki duka dogo la fotokopi lililokuwa ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi. Kosa lake lilikuwa kutoa nakala za kurasa zilizochaguliwa na walimu kutoka vitabu mbalimbali, kuzifunga pamoja na kuwauzia wanafunzi kwa bei ndogo. Wanafunzi hawakukaa kutazama. Waliunda umoja wao, wakaingia katika kesi, na walimu wakawaunga mkono. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ikakataa madai ya wachapishaji, na Machi 2017 wachapishaji wakaiondoa kesi yao.

Sheria ya India si sheria ya Uganda. Hata hivyo Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2006 nayo iliweka nafasi ya matumizi ya haki, kama vile nakala ya mtu ya kujisomea mwenyewe na sehemu ya kazi kwa ajili ya kufundishia. Haikuruhusu mtu achape kitabu kizima na kukiuza sokoni. Na sisi hatutaki hivyo. Mwandishi wa Uganda anayengoja mrabaha wake ni mfanyakazi kama sisi, na kumwibia yeye ni kumwibia ndugu.

Njia nyingine imefunguliwa na walimu wenyewe. Tangu mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Rice, huko Marekani, kinatoa vitabu vya chuo chini ya jina la OpenStax: hesabu, fizikia, kemia, biolojia, na elimu ya mwili wa binadamu ambayo kila muuguzi huisoma. Vinasomwa bure kwa simu au kompyuta, na mwanafunzi anaweza kuvitoa kwenye karatasi akalipia karatasi na wino tu.

Wala tusidhani kuwa kila kitabu kizuri lazima kitoke mbali. Mwaka 1966 kilitoka kitabu cha tiba kwa nchi maskini, kilichohaririwa na Dakta Maurice King kutokana na mkutano uliofanyika Makerere. Kilieleza kazi ya daktari mwenye dawa chache na wagonjwa wengi, yaani kazi yetu hapa, na kilisomwa mbali na Uganda.

TUFANYE NINI SISI?

Kwanza, kila tawi lianzishe mfuko wa vitabu. Hesabu yake ni nyepesi. Wanachama 200 wakichanga shilingi 1,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni shilingi 2,400,000. Kwa bei ya mfano wetu, hivyo ni vitabu 20. Baada ya miaka mitatu tawi lina vitabu 60, na hakuna mzazi aliyetoa zaidi ya shilingi 36,000, ambayo haifiki theluthi ya kitabu kimoja. Kitabu kibaki mali ya tawi. Mtoto wa mwanachama akiazime kwa muhula kwa saini ya mzazi, akirudishe, kiende kwa mwingine. Anayekipoteza alipe. Daftari la vitabu lisomwe katika mkutano kama linavyosomwa daftari la fedha.

Pili, tusinunue kwa pupa. Tukusanye orodha za watoto wetu wote, tutazame vitabu vinavyotajwa mara nyingi, tuanze na hivyo. Tuwaulize walimu: je, toleo lililopita halifai? Mara nyingi linafaa, na bei yake ni nusu au chini. Wanaomaliza chuo wauzie mfuko vitabu vyao badala ya kuviacha viliwe na mchwa.

Tatu, katika mazungumzo yajayo ya mkataba, wawakilishi wetu waweke vitabu mezani. Tuombe kwamba kwa kila shilingi ya mwanachama mwajiri naye atie shilingi, na atupe chumba chenye kabati na taa. Mwajiri anayetafuta mafundi waliosoma hawezi kusema vitabu havimhusu.

Nne, tuviendee vyuo kwa heshima lakini bila woga. Tuvitake vitangaze orodha ya vitabu mapema, kabla ya siku ya kufungua, viweke nakala za kutosha katika maktaba, na walimu wachague kitabu cha bure pale kilipo kizuri sawa na cha kulipia. Tuzitake pia halmashauri za Jinja na Mbale zitenge fedha za vitabu vya chuo katika maktaba za umma, maana maktaba hizo zinaendeshwa kwa kodi yetu.

Ndugu, hakuna kati yetu anayeweza peke yake kuishusha bei inayopangwa London. Lakini kitabu kimoja kikisomwa na watoto kumi, kwa kila mmoja bei yake imekuwa sehemu moja ya kumi, na hilo halihitaji ruhusa ya London. Makatibu wa matawi walete jambo hili katika mkutano ujao, na kila mwanachama mwenye mtoto chuoni aje na orodha yake ya vitabu mkononi. Hapo ndipo tutakapoanzia.