Kijana Anataka Kupima Macho: Asome Chuo Gani?

Wazazi kadhaa wa Makandana wametuuliza swali ambalo si la ugonjwa, lakini tumeona linastahili ukurasa huu. Kijana amemaliza shule, masomo ya sayansi amefaulu, naye anataka kuwa mtaalamu wa optometria, yaani mpimaji wa macho na miwani. Aende chuo gani?

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Mtaalamu huyu si daktari bingwa wa macho, wala hafanyi upasuaji wa mtoto wa jicho. Yeye hupima uwezo wa kuona na kuandika namba za lenzi, na akiona dalili za presha ya macho humtuma mgonjwa kwa daktari mapema. Msidhani ni kazi ndogo. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Assam, India, kwa wachumaji wa chai 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza mavuno kwa asilimia 21.7 hivi kuliko wenzao wasiopewa. Nasi Rungwe tuna chai, na tuna mama zetu waliopita umri huo. Tazameni wenyewe shambani ni wangapi wamevaa miwani.

Sasa vyuo. Hapa nchini kinachojulikana zaidi ni kile cha KCMC, Moshi, kinachotoa stashahada ya miaka 3. Aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuomba, mradi awe na ufaulu katika Fizikia, Kemia na Biolojia. Fizikia tunaitilia mkazo, kwa kuwa habari za mwanga na lenzi ndizo msingi wa kazi hii. Asiyeipenda atapata tabu miaka yote mitatu.

Lakini Moshi ni mbali, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Tukuyu. Wazazi wengi husahau kwamba chuo kingine kiko jirani zaidi, ila ni nchi nyingine. Ukivuka mto Songwe pale Kasumulu na kupita Karonga, utafika Mzuzu, Malawi, kwa safari isiyofikia nusu ya ile ya Moshi. Chuo Kikuu cha Mzuzu hutoa shahada ya optometria. Makerere ya Uganda ilianza shahada hiyo mwaka 2014, na Kenya iko katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega.

Ujirani usiwavute haraka. Anayetaka kusoma nje apate kwanza kwa TCU hati ya kutokuwa na pingamizi, kabla ya kulipa hata senti moja. Akirudi, shahada yake italazimika kutambuliwa, naye asajiliwe na Baraza la Optometria ndipo aweze kufanya kazi. Mkopo wa serikali asiutegemee huko. Kwa vyuo vya ndani, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imewafungulia mlango baadhi ya wanafunzi wa stashahada, na fani za afya zimo.

Je, utajuaje chuo kizuri? Sisi tungeuliza habari za wagonjwa kabla ya kuuliza habari za majengo. Kupima macho hujifunzwa kwa kupima macho. Chuo kilicho ndani ya hospitali kubwa humpa mwanafunzi watoto wenye makengeza, wazee wenye mtoto wa jicho, na watu wenye kisukari, wote katika juma moja. Uliza pia sanduku moja la lenzi za kupimia hutumiwa na wanafunzi wangapi, na kama ipo karakana ya kukata lenzi. Mtaalamu asiyejua kukata lenzi akipelekwa wilayani atabaki kuandika karatasi ambazo mgonjwa hana pa kuzipeleka.

Wapo pia watu wanaotoa mafunzo ya wiki chache na cheti chenye muhuri mzuri. Hicho hakimpi mtu usajili, na fedha haitarudi. Kwa chuo chochote cha stashahada, angalieni kama NACTVET inakitambua. Kwa shahada, someni mwongozo wa udahili ambao TCU hutoa kila mwaka.

Na kabla ya fomu kujazwa, kijana aombe ruhusa akae siku mbili tatu katika kliniki ya macho, aone foleni ilivyo saa mbili asubuhi.