Breki Imekuwa Jiwe: Mkulima Mwenye Pikapu, Angalia Mipira ya Vakyumu Chini ya Boneti

Leo naweka pembeni kanitangaze na mbolea, niongelee gari. Najua wapo watakaosema bwana shamba na gereji wapi na wapi. Lakini nyanya haina pesa ikiwa shambani, ina pesa ikifika sokoni. Na huku kwetu Lushoto inafika sokoni kwa pikapu ya dizeli ya zamani, imejaa matenga mpaka juu, inashuka na kona za Soni hadi Mombo.

Majuzi nilikuwa ndani ya pikapu ya namna hiyo. Kikundi kimoja ninachokihudumia kilikuwa kinapeleka nyanya na kabichi, nami nikaomba lifti kwa sababu nilikuwa na shughuli zangu Mombo. Soni tumeshaipita, tumeanza ule mteremko wenyewe, dereva akakanyaga breki aingie kona. Nikaona amenigeukia macho yamemtoka.

"Bwana shamba, breki imekuwa jiwe!"

Kijana yule hakupoteza akili. Alikuwa gia ya tatu, akaingiza ya pili, injini ikalia kwa nguvu. Akakandamiza pedali kwa miguu yote miwili huku mgongo ameukaza kwenye siti, na mkono mmoja anavuta handibreki kidogo kidogo. Tukaenda kusimama upande wa mlima, tairi la mbele limeingia mtaroni. Upande wa pili ni bonde. Vijana wawili waliokuwa wamekaa juu ya mzigo waliruka hata kabla gari haijasimama (na hilo la kupanda juu ya mzigo nalo lina siku yake, nitalisema).

Tulipofungua boneti, mafuta ya breki yalikuwepo, yamefika kwenye alama. Hakuna uvujaji kwenye matairi. Ila mpira unaotoka kwenye pampu ya vakyumu kwenda kwenye busta ya breki ulikuwa umelala bapa kama utumbo wa mbuzi, na sehemu moja, pale unapopita jirani na ekzosi, umelainika mpaka pande mbili za ndani zimegandana. Nikaushika vizuri, nikaujua. Haukuwa mpira wa gari. Ulikuwa kipande cha mpira wa bomba la kupulizia dawa.

Ule wa asili ulikuwa umepasuka miezi kadhaa nyuma, fundi mmoja wa njiani akauliza kama kuna mpira wowote wa saizi ile, wakampa. Ulitoka kwenye bomba bovu la kikundi. Na kusema kweli aibu nyingine ni yangu, maana mimi ndiye niliyewafundisha kwamba bomba likifa lisitupwe, vipuri vyake vina kazi. Sikuwaambia kazi ipi.

Sasa tuelewane kwanza huo mpira unafanya nini. Ile busta, lile duara kubwa la bati nyuma ya mastasilinda, ndani limegawanywa na kiwambo cha mpira. Upande mmoja hewa imefyonzwa. Ukikanyaga pedali, upande wa pili unafunguliwa, hewa ya kawaida inaingia na kukisukuma kile kiwambo, na msukumo huo ndio unaousaidia mguu wako. Bila msaada huo breki hazijafa, bado zinafanya kazi, ila nguvu yote inatakiwa itoke mguuni. Kwenye tambarare gari tupu utasimama. Kwenye mteremko una tani moja nyuma, ni habari nyingine.

Gari ya petroli inafyonza hewa hiyo kutoka kwenye njia ya kuingizia hewa ya injini yenyewe. Kwa hiyo mpira ukipasuka, injini nayo inalalamika: inatetemeka ikiwa imesimama, mzunguko unapanda na kushuka, pengine inazimika. Unapata taarifa. Dizeli za zamani hazina ufyonzaji huo, ndiyo maana zimefungiwa pampu, na nyingi utaikuta nyuma ya altaneta. Hapo mpira ukivuja injini haisemi kitu. Inawaka vizuri, inavuta vizuri. Wa kwanza kujua ni mguu wako, na unajua ukiwa kwenye kona.

Na sisi wa milimani tuna jambo la ziada. Lushoto mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Msukumo wa hewa huku ni pungufu kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na Tanga mjini, na busta inaendeshwa na msukumo huohuo wa hewa. Yaani hata kila kitu kikiwa kizima, msaada wa breki huku juu ni mdogo kuliko pwani. Ukiongeza na mpira unaovuja, unabaki na nini?

Turudi kwenye joto, maana ndiyo adui mwenyewe. Maji ya rejeta yanafanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 95 hivi za Selsiasi. Manifodi ya ekzosi inapita hapo mbali sana, inaenda mamia ya nyuzi. Mpira wa asili ukikaa muda mrefu zaidi ya nyuzi 70 au 80 unaanza kuchoka. Plastiki laini ya mipira ya bomba la dawa, na ile ya maji ya bustani, nayo hulegea kwenye joto kama hilo. Na kumbuka, huu mpira hausukumwi kutoka ndani kama ule wa bomba la dawa, unafyonzwa. Ukilegea tu, unajifunga wenyewe. Mpira wa vakyumu wa kweli una ukuta mnene na mara nyingi una nyuzi ndani kwa ajili hiyo.

Wataalamu wa mpira wana kanuni ya kukadiria kwamba kila joto linapoongezeka nyuzi 10, uzee wa mpira unakwenda karibu mara mbili. Kwa hiyo mipira miwili ya umri mmoja, gari moja, haichoki sawa. Ule uliosogea karibu na ekzosi kwa upana wa vidole vitatu utakufa zamani wakati mwenzake bado mlaini. Usiangalie mpira mmoja ukasema yote mizima.

Gari zetu zinapata joto baya kuliko za mjini. Inapanda kutoka Mombo na mifuko ya mbolea, gia ya kwanza na ya pili, mwendo mdogo, upepo hauingii. Halafu dereva akifika juu anazima palepale, anaenda kunywa chai. Feni imesimama, maji hayazunguki, joto lote la chuma linapanda na kufungiwa chini ya boneti. Kwa dakika kadhaa mipira inapata joto kubwa kuliko iliyopata barabarani. Ukifika juu iache injini ingurume dakika mbili tatu ndipo uzime, na kama ni mahali salama fungua boneti. Mfuniko wa rejeta usiuguse.

Kuna tabia nyingine nimeiona kila mahali: kuosha injini kwa dizeli au mafuta ya taa ili ing'ae. Inang'aa kweli. Lakini aina nyingi za mpira zikikutana na mafuta zinavimba, zinakuwa laini kama ulimi, na joto likija zinamalizika. Kwa maoni yangu injini chafu yenye mipira mizima ni bora kuliko inayong'aa. Osha kwa maji kidogo na sabuni, injini ikiwa imepoa, funika altaneta na sehemu za umeme. Na kama kuna mahali injini inavuja oili juu ya mipira, ziba kwanza huo uvujaji, la sivyo utabadilisha mipira kila msimu.

Kupima busta huhitaji fundi. Fanya asubuhi kabla ya kupakia. Gari ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano sita mpaka iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, washa injini. Pedali inatakiwa ishuke kidogo yenyewe chini ya mguu wako. Isiposhuka, busta haipati kitu. Kisha iache injini ingurume dakika moja au mbili, zima, kanyaga tena polepole. Mara ya kwanza inatakiwa iende chini, ya pili iishie juu kidogo, ya tatu juu zaidi. Ikiwa ngumu tangu mara ya kwanza, kuna mahali hewa inaingia. Kipimo cha mwisho: injini inanguruma, kanyaga na ushikilie, zima injini huku umeshikilia, hesabu sekunde 30. Pedali isiposogea, uko salama upande huo. Ikikusukuma mguu juu, kuna uvujaji.

Ukishajua kuna uvujaji, utafute kwa macho na vidole injini ikiwa baridi. Pinda kila mpira, hasa mwishoni pale unapoingia kwenye chuma, maana hapo umevutwa na klipu inaubana. Ukiona mipasuko midogomidogo kama ya udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, huo umeisha. Mgumu kama plastiki, umeisha. Laini unaoacha weusi mkononi, umeisha. Angalia pia kile kigoma kidogo cha mpira pale kiwiko kinapoingia kwenye busta. Wengi wanabadilisha mpira mrefu na kukisahau hicho, kumbe ndicho kinachopiga mluzi. Ila msianze kunyunyizia petroli kutafuta uvujaji kama nilivyoona watu wanafanya. Injini ina moto, nawe unamwaga petroli?

Kama ni ncha tu imepasuka na mpira una urefu wa kutosha, kata sentimita mbili, uchomeke upya. Ni tiba ya kufikia gereji, siyo ya mwaka. Unapoutoa mpira wa zamani usiuvute kwa hasira. Zile shingo za plastiki nazo zimeshakaushwa na joto, zinavunjika kama kuki. Uchane mpira kwa wembe kwa urefu, taratibu, utatoka wenyewe. Unapouingiza mpya tumia maji ya sabuni, siyo grisi.

Dukani usiseme "nipe mpira wa saizi hii". Sema unataka mpira wa vakyumu wa busta ya breki, unaostahimili joto na oili, na uende na kipande cha zamani ulinganishe tundu la ndani na unene wa ukuta. Mpira wa mafuta, wa maji, wa gesi, kila mmoja umetengenezwa kwa kazi yake. Ule wa silikoni unavumilia joto hata kufikia nyuzi 200, lakini wenye ukuta mwembamba unabonyea ukifyonzwa na unachanika kirahisi kwenye ncha kali, kwa hiyo rangi nzuri isikudanganye. Na mpira ulioning'inizwa juani mbele ya duka miaka miwili umeshazeeka kabla hujaununua. Upinde mbele ya muuzaji. Ukiona nyufa, mrudishie.

Kwenye huo mpira mara nyingi kuna vali ya kuruhusu hewa njia moja, nyingine imefichwa ndani ya mpira wenyewe huioni. Kata mpira wa zamani uihakikishe kabla ya kuutupa. Mshale wake unaelekea kwenye injini au pampu, yaani hewa inatoka kwenye busta. Ukiigeuza, busta haipati kitu.

Halafu njia ya mpira. Urudishe ulipopita mwanzo, kwenye vishikizo vyake vya chuma, mbali na ekzosi. Lile bati la kukinga joto juu ya manifodi, ambalo mafundi wengi wakilifungua hawalirudishi kwa sababu linapiga kelele, dai lirudishwe. Boliti mbili tu. Na usifungie mpira kwa kamba za plastiki karibu na joto, zitakatika uendako.

Wenye pikipiki msicheke. Ule mpira kati ya kabureta na injini una ugonjwa huohuo. Pikipiki ikianza kukimbia yenyewe ukiachia mafuta, au inapiga risasi ukishuka mlima, pinda pale uangalie kabla hujaanza kuchokonoa kabureta.

Siku ile tulimtuma bodaboda Mombo na kile kipande bapa mkononi. Alirudi karibu magharibi na mpira sahihi na klipu mbili, ukafungwa kwa mwanga wa simu, tukapima mara tatu ndipo tukaondoa gari. Mnunuzi alikuwa ameshapakia mzigo wa watu wengine. Kabichi zilipata bei yake kesho yake, nyanya zilizokuwa zimeiva ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Yule mama mweka hazina wa kikundi hakunilaumu, aliniuliza tu, "Bwana shamba, ile mipira mingine ya mabomba tuliyoiweka stoo tuifanyeje?"

Tumeifungia kwenye mfuko, nikaandika juu kwa maka pen: YA BOMBA LA DAWA TU. Gari inashuka tena Jumatano saa kumi na moja alfajiri, na dereva ameniahidi kupima pedali kabla ya tenga la kwanza kupakiwa.